Nairobi hadi New York: kilomita zimetulia, saa zinacheza

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Hilo halina ubishi. Viwanja havihami, na yeyote mwenye simu anaweza kuipata namba hiyo kabla chai haijapoa. Lakini hakuna abiria anayenunua kilomita. Anayekata tiketi anauliza saa, na saa hazina msimamo. Kenya Airways ilipozindua safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo, tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Ndege ni aina ileile, Boeing 787-8, na viwanja ni vilevile. Saa moja imekwenda wapi?

Ukiifuatilia saa hiyo moja utagundua kwamba katika swali la "ni mbali kiasi gani", umbali wenyewe ndio wenye sauti ndogo kuliko wote. Wenye sauti ni upepo, mwinuko wa uwanja, uzito wa mafuta, ugomvi wa serikali ambazo abiria hana habari nazo, na muhuri wa mkaguzi wa usalama wa anga. Wakati mwingine muhuri huo unashinda vyote vilivyobaki.

Tuanze na namba yenyewe, maana hata iliyotulia ina nguo tatu. Kilomita 11,840 ni sawa na maili 7,350 na ushei za barabarani, na ni maili 6,390 hivi za baharini, ambazo ndizo marubani wanazozitumia. Maili ya baharini ina mita 1,852. Anayesoma 6,390 mahali fulani na 11,840 pengine, bila kuangalia kipimo, atadhani mmoja kati ya waandishi ni mwongo. Tofauti ndogo zaidi, za kilomita chache, hutokana na umbo la dunia: imebinyika kidogo kwenye ncha zake, na programu nyingine huihesabu kana kwamba ni duara kamili. Msafiri hana haja ya kugombana kwa ajili ya kilomita kumi.

Jambo kubwa zaidi ni njia. Ukichukua ramani ya ukutani ya dunia na rula, mstari wa kutoka Nairobi hadi New York utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, utakatiza Nigeria na Mali, utoke baharini pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe la darasani na uzi, uukaze kati ya miji hiyo miwili. Uzi utapanda kaskazini kuliko ulivyotarajia: utavuka Bonde la Ufa, upite karibu na Mlima Elgon, uguse Uganda na Sudan Kusini, uingie Chad, ukate pembe ya Niger, uikatize Algeria katikati ya Sahara, utoke Moroko, uvuke visiwa vya Azores vya Ureno, kisha ushuke New York kutoka upande wa mashariki. Njia ya uzi ndiyo fupi. Ile ya rula ni ndefu zaidi kwa kilomita 350 hivi, ingawa kwa macho ndiyo inayoonekana imenyooka. Ramani bapa huvuta nchi za kaskazini zikaonekana pana kuliko zilivyo, na hivyo hudanganya kuhusu njia.

Chini kidogo ya nusu saa ya mafuta ndiyo inayookolewa hapo. Si nyingi, na kwa jozi hii ya miji tofauti ni ndogo kwa sababu Nairobi iko karibu na ikweta. Miji yote miwili inapokuwa kaskazini, tofauti kati ya rula na uzi huwa kubwa mno, na ndiyo maana ndege ziendazo Asia kutoka Amerika Kaskazini hukaribia Ncha ya Kaskazini wakati abiria wanashangaa wakiangalia barafu dirishani.

Sasa hesabu ya mwendo. Ndege ya 787 ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900: saa 13 na dakika chache. Tangazo lilisema 15. Zilizobaki zinagawanyika vibaya kidogo. Kwanza, muda wa kwenye ratiba si muda wa kuruka. Unaanza kuhesabiwa ndege inapong'oka kwenye maegesho yake na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna kujikokota hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda polepole ikiwa na mzigo mzito, foleni ya kutua, na kutembea tena ardhini kwenye uwanja mkubwa kama Kennedy. Pili, mashirika huongeza akiba. Rubani anapotangaza kwa sauti ya bashasha kwamba mmefika dakika 20 kabla ya wakati, mara nyingi mmefika kwa wakati, ila ratiba iliandikwa na mtu mwangalifu. Silaumu. Shirika linalofika mapema husifiwa, na linalochelewa hulipa fidia au hulipa kwa jina lake.

Kilichobaki, na ndicho kikubwa, ni upepo.

Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, kule ndege za abiria zinakoruka, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huimarika zaidi katika majira ya baridi ya kaskazini, wakati tofauti ya joto kati ya ncha ya dunia na tropiki inapokuwa kubwa. Anayetoka New York kuja Afrika anasukumwa mgongoni. Anayekwenda anasukumwa kifuani. Mfano unaotajwa sana ni wa tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipopiga Ulaya: ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na zaidi. Ukiipima juu ya ardhi ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja kizuizi cha sauti, kwa kuwa ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba ilikwenda mwendo wake wa siku zote. Ndege hukimbia ndani ya hewa, na hewa nayo ina safari yake.

Kwa safari ya Nairobi, sehemu ya kwanza ni rahisi. Juu ya Uganda, Sudan Kusini na Chad ni anga la tropiki, na upepo wa juu huko si wa kutisha. Taabu huanza juu ya Sahara na kuendelea Atlantiki. Wapangaji wa safari hawafuati uzi wa tufe kwa upofu. Kila siku hutazama utabiri, wakaikunja njia kusini au kaskazini ili kukwepa upepo mbaya. Siku nyingine njia yenye kilomita 300 za ziada hufika mapema kuliko ile fupi. Kwa hiyo "saa 15" ni wastani uliopigwa muhuri. Usiku mmoja wa Januari unaweza kuizidi, na usiku wa Agosti ukaipunguza.

Kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii, nalo lina uzito kuliko upepo: Nairobi iko juu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi hunyima ndege mara mbili. Injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, na bawa linapata hewa kidogo ya kulibeba. Ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuondoka ardhini, na ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Joto huzidisha tatizo, kwani hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Usiku wa Nairobi una baridi. Ndege ya New York kuondoka usiku kunamfaa abiria anayetaka kuamka asubuhi Marekani, lakini kunamfaa rubani pia.

Kenya Airways ilisema wakati wa uzinduzi kwamba safari moja ingetumia tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Hizo tani 85 zitazame vizuri. Uzito wa juu kabisa ambao 787-8 inaruhusiwa kuondoka nao ni karibu tani 228. Zaidi ya theluthi ya ndege, basi, ni mafuta. Na sehemu ya mafuta hayo inachomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine, maana yale ya saa ya kumi na nne lazima yapandishwe angani na kusafirishwa saa kumi na tatu kabla hayajatumika. Shirika lenye ndege ya viti 234, likiondoka kwenye uwanja wa mwinuko huo, linapaswa kuchagua: abiria, shehena ya maua na parachichi, au mafuta. Kilomita za kwenye karatasi hazikuambii kwamba kiti kilichobaki kitupu karibu nawe huenda kiliachwa makusudi ili mfike bila kutua njiani.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwa jirani. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko juu zaidi, zaidi ya mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines iendayo Washington imelazimika kutua njiani kuongeza mafuta; vituo hivyo vimewahi kuwa Dublin na Lomé. Lakini ikirudi kutoka Washington, ambako uwanja uko chini, inajaza mafuta, inapokea upepo wa mgongoni na kuja Addis moja kwa moja. Njia moja, ndege moja, jozi moja ya viwanja, kilomita zilezile. Kwenda kuna kituo, kurudi hakuna. Ukiuliza Addis na Washington ziko mbali kiasi gani, jibu la kweli linategemea unaelekea wapi.

Wazee wetu walizijua safari za vituo kuliko sisi. Mwezi Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza, likihesabu safari kwa siku, likitua Misri na Sudan na kando ya Ziwa Viktoria. Mei 1952 ndege ya jeti ya Comet ilianza safari za abiria za London hadi Johannesburg ikitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikamaliza yote kwa chini ya saa 24, na dunia ikastaajabu. Kilomita hazikupungua hata moja kati ya miaka hiyo miwili.

Kisha kuna anga za watu. Uzi wetu wa Nairobi hadi New York hupita juu ya nchi zisizopungua saba kabla ya kufika bahari kuu, na kila moja inaweza kufunga anga lake asubuhi yoyote. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan likafungwa kwa ndege za kiraia, na ndege zilizozoea kulikatiza kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikaanza kuzunguka. Miezi minne haijapita, watawala wa kijeshi wa Niger waliokuwa wamechukua madaraka mwishoni mwa Julai wakafunga anga lao tarehe 6 Agosti, wakalifungua mapema Septemba. Anayetazama ramani ataona tatizo: Sudan mashariki, Libya kaskazini ambako mashirika mengi hayapendi kupita, Niger magharibi. Katikati ya jangwa pakabaki mlango mwembamba.

Hata hivyo Afrika haikupata pigo kama la Helsinki. Ufini ilikuwa imejenga biashara nzima juu ya ukweli wa uzi na tufe: njia fupi ya kutoka Ulaya kwenda Japani hupita Siberia, na Helsinki iko mlangoni. Urusi ilipofunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya mwishoni mwa Februari 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka saa tisa na kitu hadi karibu 13. Finnair ilirudisha njia ya kupita Ncha ya Kaskazini na ikawa inawapa abiria cheti cha ukumbusho. Cheti hicho nakiona kuwa namna ya kiungwana ya kusema: samahani kwa karibu saa nne.

Saa za kwenye mkono ni suala jingine, na hapa watu wetu hukosea kweli. Nairobi na Dar es Salaam hazibadilishi saa mwaka mzima. New York hubadilisha Machi na Novemba, kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa nane wakati wa baridi yao na saba wakati wa joto. Ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku (23:00) mwezi Januari na kuruka saa 15, itafika New York saa 12 alfajiri (06:00). Kwenye karatasi zimepita saa saba, na kwa mgongo wa abiria zimepita 15. Tena ni saa 15 za giza tupu: ndege inalikimbilia giza kuelekea magharibi nalo linarudi nyuma mbele yake. Aliyeliona jua likizama Nairobi saa 12 na nusu jioni hataliona tena hadi baada ya saa 20 hivi. Kinyume chake, anayesafiri mchana kwenda magharibi katika mwezi wa Ramadhani atakuta magharibi yake inasogea kila anapoikaribia, na bora akumbuke mapema ruhusa ya msafiri.

Kosa la gharama zaidi ni la usiku wa manane. Tiketi inayosema 00:30 tarehe 12 inamtaka msafiri awe uwanjani tarehe 11 usiku. Kwa desturi yetu saa sita na nusu ya usiku bado ni usiku wa siku iliyopita, na watu huja kesho yake na mabegi yao wakiwa wameshaachwa kwa saa 24. Wakala mzuri wa tiketi humwandikia mteja kwa kalamu, juu ya karatasi, jina la siku anayopaswa kutoka nyumbani.

Tuvuke mpaka sasa, kwani swali hili linakuwa chungu zaidi kwa mtu wa Dar es Salaam. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Kennedy kwa njia ya uzi ni karibu kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi, jumla inafika kama 12,500: nyongeza ya kilomita 60 au 70, sawa na kutoka Dar hadi Bagamoyo. Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari. Ukipitia Dubai unaruka kilomita zipatazo 3,980 kwenda kaskazini-mashariki, yaani unaipa Marekani kisogo, kisha 11,000 nyingine kurudi magharibi. Nyongeza ni zaidi ya kilomita 2,500. Mwanafunzi wa jiografia angesema hakuna mwenye akili timamu atakayepita Dubai.

Na bado watu wanapita Dubai, na Doha, na Istanbul, kila siku, na hawajakosa akili. Kipande cha Dar hadi Dubai ni saa tano na nusu hivi, cha Dubai hadi New York ni 14. Ongeza kusubiri na siku nzima imekwisha. Lakini mashirika ya Ghuba yana ndege nyingi kwa siku, mizigo inaunganishwa, na bei hushuka pale viti vinapokuwa vingi. Safari ya Nairobi haikuwahi kuwa na wingi huo. Idadi ya ndege zake kwa wiki imepanda na kushuka kulingana na msimu na hali ya shirika. Anayekosa kiungo Dubai hupandishwa ndege nyingine siku hiyohiyo. Anayekosa kiungo kwenye njia yenye ndege chache anatafuta hoteli. Kilomita 2,500 za ziada ni bei ya kutolala njiani.

Isitoshe, daraja fupi la Dar na Nairobi lenyewe si imara kama linavyoonekana. Januari 2024 Kenya iliinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba shehena kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Tanzania ikajibu kwa kutangaza kwamba kuanzia tarehe 22 mwezi huo Kenya Airways haitaruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Mawaziri wa mambo ya nje walizungumza na jambo likamalizwa kabla ya tarehe hiyo kufika. Lakini kwa siku hizo chache, mtu aliyekuwa na tiketi ya Dar–Nairobi–New York alikuwa na umbali usiojulikana.

Swali la mwisho huulizwa sana vijiweni: Air Tanzania nayo ina 787-8, kwa nini isiruke New York moja kwa moja? Kwa hewa, Dar ina hoja. Uwanja wa Julius Nyerere uko karibu mita 55 tu juu ya bahari, hewa yake ni nzito kuliko ya Nairobi, ingawa joto la pwani na njia ya kurukia ya mita 3,000 vinarudisha nyuma sehemu ya faida hiyo. Kilomita 600 zaidi ya Nairobi ni nyingi lakini hazitishi. Boeing huipa ndege hii uwezo wa kilomita 13,500 hivi. Ugumu uko kwenye makaratasi. Juni 2009 Delta ya Marekani ilikuwa tayari imeuza tiketi za Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, na serikali ya Marekani ikaizuia kwa sababu za kiusalama siku ya kuanza ilipokuwa mlangoni. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga lake. Na Marekani haipokei shirika jipya la nchi ambayo mamlaka yake ya anga haijapewa Kategoria ya 1, yaani muhuri wa kutimiza viwango vya usalama wa anga, na wakaguzi wa Marekani. Tanzania haina. Kenya ilipewa Februari 2017, miezi 20 kabla ya ndege yake ya kwanza ya New York kupaa, na katika miezi hiyo yote umbali ulikuwa kilomita 11,840.